Jina la Kifuani

Mimi na Moselantja tuliajiriwa siku moja kwa kazi moja: kuhesabu watu wanaokwenda kuchoka kwa hiari yao. Sijui niwaeleze vipi vinginevyo. Wanatoka mjini Maseru, wengine wanavuka mpaka, wanaupanda mlima wetu mbio, wanashuka magoti yamechubuka, halafu wanasema wamepumzika. Chuo kikuu kilitaka kujua ni akina nani, ni wangapi, na mlima unawafaa nini. Dkt. Mokone, daktari wa vitabu si wa sindano, akatuweka kwenye kibanda cha mawe mwanzo wa njia. Tulikuwa na meza, madodoso, na kisanduku kilichofukiwa chini ya njia yenyewe. Mguu ukipita juu yake kinaandika: mmoja kapanda, mmoja kashuka.

Moselantja maana yake ni mkia wa mbwa. Marehemu mama yake alizika watoto watatu kabla yake, na kwetu mtoto anayezaliwa nyuma ya vifo hapewi jina zuri. Anapewa jina la jalalani, ili kifo kikija kuita kidhani pale hakuna mtu, kuna uchafu tu. Shuleni walimcheka hadi wakachoka wenyewe. Alipomzaa Limpho, mtoto wake wa pekee, watu wakaanza kumwita MaLimpho kama ilivyo ada. Mimi niliyechota naye maji tangu tukiwa wadogo sikubadilisha.

"Mama alinificha vizuri," alikuwa akisema. "Miaka hamsini na minne, na bado sijaonekana."

Ndiyo maana aliipenda kazi ile kuliko mimi. Siku ya kwanza Dkt. Mokone alitufundisha kwamba jina la mhojiwa haliandikwi kamwe, kila mtu apewe namba. Hata sisi tulipewa. Yeye alikuwa Ishirini na Tatu, mimi Ishirini na Nne.

"Jina likitoka nje linaweza kumletea mtu madhara," alisema Daktari.

Moselantja akanipiga kiwiko. "Umesikia, Puseletso? Kumbe na wasomi wanajua."

Waandaaji wa mbio za mlimani hawakujua. Hao hawakuwa watu wa chuo. Mwaka wetu wa pili kazini waliandika jina la kila mkimbiaji kwenye kitambaa cha namba kifuani, kwa herufi kubwa, eti watazamaji wapate kumshangilia mtu kwa jina lake. Saa sita mchana ukungu ukashuka. Jioni wote walikuwa wamerudi isipokuwa mtu mmoja, Hlalele. Kesho yake walimkuta chini ya genge, na ikasemwa kwamba aliteleza.

Wiki iliyofuata madodoso yakarudi, tukakaa kuyapanga. Swali la kumi na nne liliuliza: Watazamaji walikusaidiaje? Moselantja akasoma moja kwa sauti.

"'Kule gengeni, ndani ya ukungu, mwanamke mmoja aliniita kwa jina langu. Alinitia moyo sana.' Puseletso, kule gengeni alisimama nani?"

"Asimame nani? Kule hata mbuzi hasimami."

"Haya, sikiliza na hili."

Yalikuwa tisa, miandiko tofauti, kalamu tofauti. Mmoja aliandika kwamba sauti ilitoka mkono wa kulia, akashangaa kwa sababu kulia hakuna njia. Mwingine aliandika kwamba alitaka kwenda kumshukuru yule mama, ila kamba ya kiatu ikamkatikia, akainama kuifunga, na alipoinuka sauti ilikuwa imenyamaza.

"Tisa," nikasema.

"Kumi," akasema Moselantja. "Wa kumi hakurudi kujaza."

Tulimpelekea Dkt. Mokone. Alisoma yote tisa, akavua miwani, akasema mwili ukichoka sana masikio hutunga mambo, ni jambo linalojulikana, atalitaja kwenye ripoti. Alituaga kwa adabu. Lakini kabla hajafika kwenye gari nilimwona akibandua kibao chenye jina lake shatini na kukitia mfukoni.

Mwaka uliofuata Limpho akasema atakimbia. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwepesi, na kichwa kigumu kama cha mama yake. Moselantja alimsihi wiki nzima. Akaenda kwa waandaaji kuwaomba waandike namba peke yake. Wakamcheka. "Watu wanapenda kuitwa, mama," wakamwambia. Basi akaacha kuomba. Akajitolea kuwasaidia kwenye meza ya kuandikisha, nami nikadhani ameshindwa.

Asubuhi ya mbio Limpho alifungua bahasha yenye kitambaa chake cha namba mbele yetu pale kibandani.

"Mama! Hiki nini?"

"Si jina hilo?"

"Lako! Unataka nikimbie na mkia wa mbwa kifuani mbele ya umati wote ule?"

"Kwani mbwa hakimbii? Vaa."

"Watanicheka mpaka nizeeke."

"Ndicho ninachokitaka," akasema Moselantja. "Uzeeke."

Limpho alivaa huku amenuna. Kweli walimcheka, nilisikia vicheko mpaka pale tulipokaa. Saa sita ukungu ukashuka kama mwaka jana, mzito, mlima wote ukapotea. Moselantja hakukaa tena. Alisimama kando ya njia, blanketi alilojitanda ameliuma kwa meno, na mimi niliogopa kumsemesha.

Kwanza tulisikia viatu. Kisha Limpho akatoka kwenye ukungu, tope mpaka kiunoni, anacheka. Alikunywa kibuyu kizima cha motoho, uji wetu mchachu, ndipo akapata pumzi ya kusema.

"Mama, hivi kuna mtu alikuwa anakutafuta?"

"Nani?"

"Sijui, sikumwona. Kule gengeni alikuwa anaita, Moselantja, Moselantja. Nikasema huyu naye, mama yuko chini anahesabu watu. Nikapita zangu."

"Uliitika?"

"Niitike nini? Si jina langu."

Moselantja alimkumbatia, akalia, akacheka, akalia tena, na mimi nikalia naye kwa furaha. Wote walirudi salama mwaka ule. Ni jioni tu, tulipokuwa tunakunja meza, nilipomwona amesimama ameuelekea mlima.

"Puseletso," akasema, "sasa nimeonekana."

Tangu siku ile simwiti tena kwa jina. Na kuitwa MaLimpho pia hataki, maana linabeba jina la mtoto. Namwita Ishirini na Tatu, na watu wanadhani ni utani wetu wa kazini. Nilimwambia aache kazi, akahamie mbali na mlima. Akakataa. "Nikiondoka hapa, hilo linaloniita litakwenda kuniulizia nyumbani. Na nyumbani yuko Limpho."

Kwa hiyo tupo. Siku za ukungu kisanduku kinaandika: mmoja kashuka. Aliyepanda hakuna. Dkt. Mokone amebadilisha betri mara mbili, sasa haulizi tena. Ikifika saa hiyo nasikia hata mimi, taratibu, kwa upole, mtu akiita kutoka njiani, na kila mwaka ni karibu zaidi. Basi naimba. Sina sauti, kanisani walishaniomba niwe nakaa nyuma, lakini naimba kwa nguvu zangu zote, na mwenzangu anainamisha kichwa kwenye madodoso yake. Mpaka leo hajaitika.

Wiki iliyopita mafua yalinikausha koo. Ukungu ukaja, nami sina wimbo, nikachukua sufuria ya chai na mwiko nikaanza kugonga. Nikagonga sana. Ishirini na Tatu akaweka kalamu chini, akaja akanishika mkono, na macho yake yalikuwa ya mtoto.

"Acha kidogo, Puseletso," akasema. "Nisikie tu. Ni sauti ya mama."

Nilimsukuma kwa bega mpaka akakaa, kwa mkono mmoja nikamshika blanketi, na kwa ule mwingine nikagonga sufuria ile mpaka mlima ukaonekana.