Siku Mbili Kisiwani na Mama Mkwe

Soko huria lilipopamba moto, shemeji yangu alinunua hema la mtumba pale Majengo, akaapa kwamba wazungu watamlipa walale kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto Ruvuma, ndani ya hifadhi ya wanyama. Sisi wa nyumbani tukawa wa kujaribiwa. Alitushusha kwanza watu wawili, mimi na mama yake, yaani mama mkwe wangu, akarudi ng'ambo na mtumbwi kumchukua mke wangu na chakula. Mvua ikanyesha huko juu, mto ukajaa ghafla, mtumbwi ukabaki huko huko.

Kisiwa hakikuwa na mti wala jiwe. Mchanga mtupu, mamba upande huu, viboko upande ule. Na kwa hawa Wangoni wangu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye chini ya paa moja, na neno hupitia kwa mtu wa tatu. Mimi mwalimu wa kuja, mila hiyo niliioa pamoja na binti.

Basi mama akakaa hemani na dumu letu moja la maji, mimi nikakaa juani. Kiu ilinikaba, na mtoni mamba hawakuniachia hata pa kuchota. Nilimchukia shemeji, nikalichukia hema, nikamchukia hata mama wa watu asiye na kosa.

"Mwambieni mkwe maji yapo," alisema. Wa kuniambia hakuwepo.

"Mwambieni mama asante, sina kiu." Ujinga hauna shule.

Siku ya pili, jua la utosi, nilianguka. Nilipofumbua macho nilikuwa hemani, kichwa mapajani pake, ananinywesha kwa kiganja. Ndipo nilipomwona uso. Ana mwanya, kama mke wangu.

"Kunywa, mwanangu. Nikimpelekea binti yangu maiti, nimwambie ni heshima?"

Tangu mama yangu mzazi afariki, hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Nililia bila aibu. Tukashinda tukizungumza, akinisimulia jinsi mke wangu alivyokuwa mtukutu utotoni, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni maji yakapungua, shemeji akapiga kelele kutoka ng'ambo. Mama akanyanyuka, akajifunika kanga usoni, akaenda kukaa mwisho kabisa wa kisiwa. Nilimwita. Hakugeuka. Nikabaki hemani natazama mtumbwi unavyokaribia, namwomba Mungu mto ujae tena.