Rubani na Ndege Zake za Plastiki

"Jirani, hivi ile midoli anayoletewa mzee kila mara ni ya mjukuu gani?"

Swali hilo mke wa mzee aliulizwa na msusi wa mlango wa pili, asubuhi moja wakianika nguo kwenye kamba moja. Mjukuu hawakuwa naye. Walikuwa na binti mmoja, ameolewa mbali, na Mungu alikuwa bado hajamjalia mtoto. Midoli ilikuwa ya mzee mwenyewe, mtu wa miaka sitini na mitatu, mvi kichwa kizima.

"Si midoli," alijibu, akijitahidi kusema kama mumewe alivyozoea kusema. "Ni ndege. Zinakuja vipande vipande, yeye anaziunga."

"Zinaruka?"

"Haziruki."

"Basi ni midoli, mama," msusi akasema, akanyoosha shuka lake. "Na mbona nguo zako unazitundika bila vibanio?"

Vibanio vyote vilikuwa ndani, vimebana mabawa mpaka gundi ikauke.

Mtaa mzima ulimwita mumewe Rubani. Miaka thelathini na moja alikuwa mpakizi wa mizigo uwanja wa ndege. Alipakia mabegi, majeneza, vifaranga vya siku moja kwenye maboksi yenye matundu, na mara moja simba wa kwenda maonyesho, ambaye alilala safari nzima na kumvunja moyo kila mtu. Alizijua ndege zote kwa matumbo yao. Huko juu kwenye viti hakuwahi kukaa. Alipokaribia kustaafu walimpa safari ya bure, zawadi ya utumishi mrefu, naye akasema ana mafua. Mkewe, aliyelala naye kitanda kimoja, hakusikia hata chafya moja.

"Mimi nimeona tunavyoyarusha yale mabegi," alimwambia walipobaki wawili. "Sasa nitajuaje kama na kule mbele hawafanyi vivyo hivyo?"

Huyo ndiye Rubani. Kazi ya mkono wa mtu mwingine hakuiamini, hata mkate alikata mwenyewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na meza kubwa ya kukatia vitambaa ilikuwa yake tangu ujana. Rubani alipostaafu aliomba kipembe tu. "Kipembe, mama, cha kuweka kisu, gundi na rangi." Mwaka haukuisha, mama akawa anakatia nguo za wateja kitandani. Kisha kabati la vioo. Sahani zilihamia kwenye ndoo yenye mfuniko, ndege zikapanda mahali pa heshima. Wageni walipokuja walipakuliwa chakula kutoka kwenye ndoo huku wakitazamwa na ndege.

Ndege zilizounganishwa zilikuwa kumi na moja. Ambazo hazijaunganishwa, zimelala kwenye maboksi yao na plastiki haijachanwa, zilikuwa arobaini. Zilijaa uvunguni, juu ya kabati la nguo, nyuma ya mlango. Mama alipouliza kwa upole kwa nini asimalize za zamani kwanza, alijibiwa kama anayefundishwa hesabu.

"Kununua ni kazi moja, kuunga ni kazi nyingine. Usizichanganye."

Mama hakuzichanganya. Alikuwa mtu wa sala na uvumilivu, na alimshukuru Mungu kwamba mzee hanywi. Rubani alikaa mezani kutwa nzima, anakata vipande kutoka kwenye fremu zake, anapiga msasa, analoweka maandishi kwenye visahani vya chai. Maandishi yale huja yamechapwa kwenye karatasi. Yakilowa yanateleza, nawe unayahamisha kwa brashi hadi ubavuni mwa ndege, ukikohoa tu umeyapoteza. Kila ndege ilipokamilika aliiinua na kuuliza, "Imetokaje?" Naye mama, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani na macho kwenye mshono, alisema, "Imependeza." Mara kumi na moja alisema hivyo. Hakuona kuwa ni uongo, maana hakuwa ameangalia.

Mwaka wa tatu mambo yakaanza kwenda kombo. Gurudumu dogo kama punje lilidondoka sakafuni, Rubani akalitafuta kwa viganja, anatambaa kama anayeosha sakafu, na lilikuwa mbele ya pua yake. Mama akaliokota, akamwekea mkononi. "Zulia hili linakula vitu," alisema Rubani. Balbu ya sebuleni ilibadilishwa mara tatu kwa mwezi, kila mara kwa lalamiko lile lile kuwa balbu za siku hizi hazina nguvu. Karatasi za maelekezo nazo zikalaumiwa, eti wanaandika kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Siku moja akiwa mlangoni, jua limempiga usoni, mama aliona katikati ya jicho lake pana ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akitoka kuoga maji ya moto.

"Mzee, twende tukapime macho."

"Macho yangu yana nini? Hizi taa ndizo mbovu."

"Hapa hatuna taa, baba. Ni jua."

"Na jua nalo limechoka," akasema, akaingia ndani.

Ndipo uwanja wa ndege ukampigia simu. Msimamizi wao wa zamani alisema wanafungua chumba kipya cha kupumzikia wapakizi, na wangependa kuweka ndege moja iliyotoka kwenye mikono ya Rubani, kwenye rafu ya kioo, jina lake chini yake. Rubani alivimba kwa furaha mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Alichagua kuunga ile ya mizigo yenye tumbo kubwa, mwili mweupe na mkia wa bluu, aliyoipakia miaka mingi kuliko zote. Wiki tatu hakutoka mezani. Ijumaa, siku moja kabla ya kuipeleka, aliiinua kwa mikono miwili.

"Haya. Imetokaje?"

Mama alikuwa amekatikiwa na uzi. Mguu ulikuwa umesimama, macho hayakuwa na kazi, basi akaangalia.

Mwili haukuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya siagi. Mkia ulikuwa mweusi. Na jina la shirika, ambalo upande wa kushoto lilikaa vizuri kama mwanafunzi wa mstari wa mbele, upande wa kulia lilikuwa limesimama kwa kichwa.

Akisema imependeza, kesho wapakizi watamcheka, na hao ni watu ambao maisha yao yote wamesoma lebo. Akisema kweli, itabidi mzee ajue jambo ambalo amekuwa akilikimbia. Aliomba kimoyomoyo apewe maneno mazuri. Hakupewa. Akatumia aliyokuwa nayo.

"Jina limepinduka upande huu, mzee."

"Wapi?"

"Hapa. Miguu juu."

"Ndege hupinduka angani, mama. Ikikata kona—"

"Na mkia ni mweusi."

"Bluu!"

"Mweusi, baba. Na mwili ni wa manjano-manjano."

Rubani alichukua kichupa cha rangi, akaenda nacho dirishani. Alikisogeza puani, akakipeleka mbali kwa urefu wa mkono wote, akakirudisha. Kisha akamkabidhi mkewe. "Hapa pameandikwa nini?"

"Nyeusi."

Akakaa, akauliza polepole, "Na zile kumi na moja?"

"Zile sikuziangalia," mama akasema.

"Miaka mitatu unaniambia imependeza!"

"Nilikuwa nashona."

Hilo lilimkata maini kuliko habari ya macho. Alinung'unika kwamba ameishi na shahidi wa uongo, mama akaomba msamaha, na kwa kuwa msamaha bila vitendo ni maneno tu, akafungua kabati na kuanza kuziangalia moja moja, tangu ya kwanza.

Ya kwanza haikuwa na kosa. Kwenye madirisha madogo kama mbegu za ufuta alichungulia akaona viti, na kwenye viti mikanda imechorwa. Ya pili na ya tatu hali kadhalika. Ya tano ilikuwa na mstari wa gundi mgongoni. Ya saba ilikuwa na alama ya kidole kwenye kioo cha marubani, kidole kizima cha mzee na mikunjo yake. Ya tisa milango ilipishana. Ya kumi na moja ilikuwa imekalia mkia, pua juu, kama mbwa anayeomba mfupa, kwa sababu alisahau kuweka uzito puani kabla ya kuifunga. Kutoka kushoto kwenda kulia, ugonjwa ulikuwa umejipanga kabatini kwa mfuatano, na yeye alikuwa akiupangusa vumbi kila Jumamosi.

"Unajua tangu lini?" akamuuliza.

Rubani alipiga magoti, akavuta boksi moja kutoka uvunguni, mojawapo ya yale ambayo hayajafunguliwa, akatoa chini yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya kliniki, ya mwaka uliopita. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, afanyiwe upasuaji, na asichelewe.

"Ulikwenda peke yako?"

"Nilikwenda." Akashika kile kisu chake chembamba cha kukatia vipande, akakigeuza. "Vipande maelfu nimekata kwa hiki, mama. Kwa mkono huu. Mara ngapi kimeteleza? Kikiteleza kwenye bawa, unapiga msasa. Kwenye jicho daktari atapiga nini?"

Mama alisema tu kwamba asipokwenda, maboksi arobaini yatafunguliwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine inaelekea atakuwa msusi. Jumamosi ndege haikupelekwa uwanjani, na Jumatatu wakawa kliniki.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao. Rubani aliketi mbele yake kama mkaguzi.

"Tundu unalokata ni la ukubwa gani, mwanangu?"

"Dogo sana, mzee. Milimita mbili na kitu."

"Na kitu? Hiyo 'na kitu' ndiyo iliyoniharibia ndege ya tano."

"Baba!" mama akamfinya.

Daktari akacheka. "Mbili na robo, basi."

"Mkono unauegemeza wapi?"

"Kwenye paji la uso wako."

Rubani akatikisa kichwa kidogo kwa kukubali, mara ya kwanza. "Na ukishatoa kibovu, mnaweka nini?"

"Lenzi mpya. Ya plastiki."

"Ya nini?"

"Plastiki. Inaingia ikiwa imekunjwa, inajifungua yenyewe humo ndani."

"Mnaibandika kwa gundi gani?"

"Hakuna gundi, mzee. Inakaa yenyewe."

Rubani alimgeukia mkewe kwa uso ambao mama alikuwa hajauona tangu siku ya boksi la kwanza. "Umesikia? Kipande kinachokaa bila gundi. Hao waliokitengeneza ni watu makini." Akaomba kalamu. Mume aliyekataa ndege, balbu, jua na ushauri wa mkewe alishawishiwa na ubora wa kiwandani, akatia sahihi, nje kidogo ya mstari.

Alhamisi walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, jicho la kulia limetiwa dawa, kofia ya karatasi kichwani. Mama aliruhusiwa kusindikiza mpaka mlangoni. Huko nje aliendelea kusali, na sala yake ilikuwa fupi, maana mambo yote alikuwa ameshayataja. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa haujafungwa vizuri, akaona daktari amekaa kichwani pa mzee, taa imewashwa, mkono umeshuka kwenye paji la uso. Akasikia sauti ya mumewe, ya chini, ya adabu, sauti aliyoitumia zamani kwa wakubwa wa uwanja.

"Daktari, ukiona mkono umeanza kuchoka, naomba usimame kwanza, unywe maji, halafu ndiyo uendelee."