Nafasi ya Pembeni mwa Dele

Anti Onike Thorpe alikuwa jirani yangu kwa miaka ishirini na minane, ukuta kwa ukuta, katika nyumba za mbao za Freetown ambazo mtu akikohoa chumbani kwake wewe unampa pole. Alikuwa fundi cherehani. Nusu ya familia za sisi Wakrio katika mtaa wetu zimevaa sare alizoshona yeye: sare za harusi, sare za msiba, sare za arobaini. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kuvaa naye sare. Mumewe, Bamidele, alikufa miaka ishirini iliyopita, na binti yao wa pekee, Winifred, yuko Marekani na hupiga simu Jumapili akikumbuka.

Watu walisema ana maringo. Nilikuwa nakasirika nikisikia hivyo, maana waliosema ndio hao hao waliochukua nguo zao mlangoni wakaondoka bila kuketi.

Alikuwa na kitu kimoja alichokionea fahari. Wiki aliyomzika Dele katika makaburi ya zamani ya mjini, alinunua na nafasi ya pembeni kwa jina lake. Makaburi yale yamejaa zamani. Leo haingii mtu pale ila mwenye nafasi yake, na wengine wote wanapelekwa kule nje ya mji, kwenye udongo mwekundu ambako makaburi yana namba tu. Asubuhi ya kila Mwaka Mpya, watu wanapokwenda kuwamwagia wafu wao maji na kuwapa habari, Anti Onike alikwenda peke yake na kopo lake. Alimwagia Dele, kisha akasimama kwenye nafasi yake akamweleza mumewe bei ya mchele.

Siku ya Jumatatu Mama Regina Decker alikuja kwake akiwa amefunga kitambaa cheusi. Nilikuwa uani nafua, nikasikia yote. Mwanawe Horatio alikuwa amefariki, miaka thelathini na minne. Wakina Decker wamelala safu moja na Dele, babu, bibi, na baba yake Horatio, halafu inakuja ile nafasi tupu ya Anti Onike, halafu Dele.

"Anti, nakupigia magoti," Mama Decker alisema. "Usiniache nikamtupe mwanangu porini. Baba yake yuko pale pale."

"Na mimi unitupe wapi, Regina?"

Mama Decker alilia tu. Anti Onike alimpa maji ya kunywa, akamwambia atamjibu.

Jioni ile alimpigia Winifred. Alizoea kuweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo mtaa mzima ulishiriki.

"Mama, wape tu! Kwani kaburi ni kitu gani? Mimi nimeshawaambia wanangu siku yangu ikifika wanichome, wasipate taabu."

"Wakuchome?"

"Ndiyo, Mama. Ni kawaida huku. Haya, niko kazini, nitakupigia."

Kesho yake akanigongea. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Ayo, niambie. Nikifa mimi, nani atammwagia Dele maji?"

Nikasema nitakwenda mimi. Akanitazama.

"Wewe una wafu wako na mguu mbovu. Usiniahidi kitu ili uwe umesema tu. Wakina Decker wanakuja watu ishirini kila mwaka, na vitoto. Wakimzika mtoto wao pale, watasimama karibu na Dele milele. Maji yakimwagwa na watu ishirini, mengine yatamfikia. Nikilala mimi pale, tutakuwa wawili tusio na mtu."



Jumatano tulikwenda kwa karani wa makaburi. Akatupa karatasi ya kuhamisha umiliki: sahihi ya anayetoa, ya anayepokea, na ya shahidi, yaani mimi. Mama Decker alisaini pale pale. Anti Onike alikunja karatasi akaitia kwenye mkoba.

"Mwenye kitanda hajaulizwa," alisema.

Karani alicheka, lakini sisi hatukucheka. Hakuna mchimbaji wa pale atakayeinua sururu kabla wafu wa karibu hawajaulizwa kwa kola, zile kokwa chungu za kutafuna. Unachukua kola mbili, nyekundu na nyeupe, unazipasua ziwe vipande vinne, unauliza, unarusha. Viwili vikitazama juu na viwili vikilala kifudifudi, wamekubali. Vikianguka vinginevyo, unawabembeleza na kurusha tena. Nimeona familia ikirusha mara tisa mpaka jua likawachoma, marehemu amenuna kwa sababu ya shamba la mwaka gani sijui.

Na Dele ndiye aliyekuwa mbishi wa mtaa. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kuhakikisha.

Alhamisi asubuhi, njiani kwenda makaburini, Anti Onike alinishika mkono.

"Atakataa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Namjua yule mtu. Akikataa mara tatu naichana hii karatasi, na Regina hatanilaumu, kwa sababu si mimi niliyekataa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa hajatoa chochote bado. Alikuwa anakwenda kumpa mumewe nafasi ya kumzuia. Alikuwa amevaa gauni la buluu, jipya, na amejipaka poda.

Wakina Decker walikuwa wameshafika, wamesimama kimya upande wa babu yao. Mchimbaji aliegemea sururu. Anti Onike alichuchumaa mbele ya kaburi la Dele, akamwaga maji, akapasua kola.

"Dele, ni mimi. Horatio wa Regina amefariki, yule aliyekuwa anakuibia maembe. Wanamtaka alale hapa kwako, mahali pangu. Mimi nitakwenda kwingine, mbali. Sema unavyotaka. Usinionee haya."

Akarusha.

Viwili juu, viwili chini. Mara ya kwanza.

Wakina Decker walipiga makofi. Mama Decker akaanza kumshukuru Dele kwa jina, na wanawake wakaitikia. Mchimbaji akatemea viganja vyake mate. Anti Onike alibaki amechuchumaa akivitazama vile vipande. Mimi nilikuwa karibu naye, nadhani ni mimi pekee niliyesikia.

"Mara moja tu?" alisema. "Dele? Hata hukunishika nguo?"

Alinyoosha mkono kuviokota.

"Nirushe tena, Ayo. Labda sikuuliza vizuri."

"Anti, ameshajibu," nilisema. Ndiyo desturi, jibu likishakuja huliulizi tena. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwacha arushe.

Aliniomba kalamu. Akaweka karatasi juu ya jiwe la mumewe, akaandika jina lake lote, Onike Elfreda Thorpe, taratibu, kwa mwandiko wa shule ya masista. Mama Decker akamkumbatia. Horatio angezikwa Jumamosi, na tayari watu walikuwa wanagawana kazi, nani apike kunde, nani akaange ndizi, nani alete tangawizi. Hakuna aliyemwambia Anti Onike alete chochote.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika uani akaniuliza.

"Wa kwako angekubali mara ya kwanza?"

Mume wangu alikuwa ndani, anaimba ovyo. Namsikia sasa hivi ninapoandika, anaimba ule ule wimbo.

"Dele amekubali haraka kwa sababu anakuamini, Anti," nilimwambia. Sikujua kama ni kweli. Wala yeye hakuamini, niliona.

"Haya," alisema. "Asante, mwanangu." Akaingia kwake.

Kwangu chakula kilikuwa kimeshapakuliwa na watu saba walikuwa wananisubiri. Kumgongea ilikuwa hatua nne. Nilikwenda kula, na nilipokumbuka kwamba sikumwita, taa yake ilikuwa imeshazimwa.