Somo la Marehemu Limefungiwa Mahamri

Leo nimefungiwa mahamri kwa karatasi yenye mwandiko wa marehemu mume wangu.

Alifundisha chuo kikuu: maisha ya kiroho ya Wakristo na historia ya dini Ulaya. Jumamosi nilimpa Mama Zuhura, muuza mahamri, magazeti ya kufungia. Kumbe karatasi za masomo ya mume wangu zilikuwa katikati ya magazeti hayo.

Nikakimbia na slipa hadi kibandani kwake, hapa mtaani Mbotela.

"Pole, dada. Nimefungia watu tangu asubuhi. Zimebaki hizi nne tu."

Nyingine ilikuwa mkononi mwa fundi wa viatu, anatafuna huku anasoma.

"Kaka, naomba hiyo karatasi."

"Ngoja kidogo, mathe. Huyu mtawa ametoroka monasteri. Alirudi ama hakurudi? Imeishia hapo!"

Jibu nilikuwa nalo. Mume wangu alinisomea kila somo kwanza, nikimpigia shati pasi.

"Alirudi," nikasema. "Akakuta watawa wenzake hawajaondoa kiti chake mezani."

Fundi akapangusa vidole, akanipa kwa mikono miwili.

Tangu nifike nyumbani naketi, nainuka, nikiwaza karatasi zilizokwisha kusambaa.

Majirani, mkila mahamri leo msitupe karatasi. Nileteeni, hata ikiwa na mafuta.