Ukuta Niliopuliza Bila Kupiga Hodi

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Na hasira yake ninayo mpaka leo.

Miaka ya sitini nilikuwa fundi katika mgodi mmoja wa dhahabu kule Geita, chini ardhini. Kazi yangu ilikuwa kupuliza zege. Mashine inasukuma mchanga na saruji kwa upepo ndani ya mpira mnene, maji yanaingilia mdomoni mwake, nawe unaelekeza. Zege linaruka, linanata kwenye mwamba, mwamba haudondoki. Lakini kabla ya kupuliza tulikuwa na desturi: unagonga jiwe kwa mtaimbo mara tatu, unasikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele, bovu linaitika puu. Tuliita kupiga hodi. Mgongaji wetu alikuwa Masanja, mume wa Mama Kwandu wa Ngokolo, Shinyanga mjini.

Asubuhi moja nafika kazini, Masanja, aliyekuwa zamu ya usiku, hayupo. Nyapara wetu akasema katoroka, kafuata mwanamke kule Nkome, ziwani. Katoroka! Mtu gani anatoroka na mabuti ya mgodi miguuni, viatu vyake vya njiani kaviacha vinaning'inia msumarini, chumba cha kubadilishia nguo? Niliviona kwa macho yangu, na nikanyamaza. Nyapara akanipeleka kwenye kona iliyokuwa imeporomoka usiku, mawe yamejaa hadi juu. "Puliza hapo, ziba haraka. Usigonge, hatuna muda."

Nikapuliza. Ndiyo, mimi. Sikupiga hodi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikarudi palepale kuongeza tabaka la pili. Ghafla mpira ukawa mwepesi mikononi, mtu kaushika nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa wa kijivu toka kofia hadi buti, lakini sisi sote tulikuwa hivyo, kwa nini nishtuke? Akanisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, Baba Limi." Sauti ya Masanja! Nikammulika usoni. Zege lilikuwa limemkaukia kwenye kope, wala hakupepesa.

"Mwambie Mama Kwandu sijaenda Nkome," akasema. "Na wewe, mbona hukupiga hodi? Siku ile ungegonga, ningekuitikia."

Haki ya Mungu, akanipita, akaingia kwenye ukuta ule mbichi usibaki hata na alama ya kidole. Kwenye mchanga uliodondoka chini kulikuwa na nyayo zangu tu. Nikachukua mtaimbo, nikagonga mara tatu. Kutoka ndani nikagongewa mara tatu.

Nilipomwambia nyapara alicheka hadi akakohoa. "Gongo hiyo, bwana!" Nikamwambia tubomoe. Akasema nikiugusa ukuta ule, kazi sina. Niliugusa! Niliutwanga mtaimbo mpaka watu wanne wakanibeba, na jioni hiyo nikawa nje ya geti. Lakini viatu vya Masanja nilikuwa navyo kwapani.

Nilimkuta Mama Kwandu kwake Ngokolo. Mawifi walikuwa wameshamsema vya kutosha, eti kashindwa kumtunza mume ndiyo maana kakimbiwa. Nikampa viatu, nikamweleza yote, sikuficha hata lile la hodi. Hakulia. Akauliza, "Ukuta huo aliupuliza nani, shemeji?"

Nikamjibu, "Mimi."

Akavifuta vile viatu kwa kanga yake, taratibu, kimoja kimoja. Kesho yake tukavizika badala ya mwili, mawifi wote wakiwapo, wameinamisha vichwa. Kila mtu akajua Masanja hakutoroka. Ila Mama Kwandu mkono hakunipa, na mpaka anafariki hakuitikia salamu yangu.

Mgodi ulifungwa, ukajaa maji, ukuta wangu uko chini huko. Mimi mpaka leo kupigilia msumari nyumbani nimemwachia mke wangu. Nikigonga ukuta wowote mara tatu, naitikiwa. Yeye hasikii kitu, ananiona nimezeeka vibaya, na nyapara yule nasikia alikufa kitandani kwake, kashiba! Hivi hiyo ni haki?

Kwa hiyo wewe kijana unayejifunza kazi hii, mkubwa akikuambia ziba haraka, usigonge, weka mpira chini. Kwanza kaangalie viatu vya nani vimebaki msumarini.