Nyota ya Pembeni Haikushuka

Bandugu, mi njo mwenye kosa. Musitafute mwingine. Mukono huu ninaandika nao njo uliharibu jicho la shemeki wangu.

Mi niko mwalimu wa physique, ile fizikia, hapa Kolwezi, na hasira yangu iko karibu. Muke wangu alikuwa ananiambia kila siku. Nilikuwa nacheka tu!

Ndugu yake mudogo, Kazadi, tulikuwa tunafanya naye kazi moja: kufuata kajiwe kamoja kanazunguka jua, kule mbali, na kupima mwangaza wake kwa telesikopi na kamera tuliyonunua pamoja.

Mu namba zetu mulikuwa mashimo. Mwangaza unaanguka kidogo, kisha unarudia. Mi nikasema ni vumbi ya makamyo ya mugodi. Huku vumbi inaingia hata mu sahani ya bukari! Nikaanza kufuta yale mashimo.

Asubuhi moja Kazadi akanikuta nafuta.

"Shemeki, haiko vumbi! Vumbi ingefunika na nyota za pembeni mu picha ileile. Hili shimo linarudia saa zake zilezile. Ni majiwe mawili ile, moja inapita mbele ya ingine!"

"Weye utanifundisha mi?"

"Angalia nyota ya pembeni mara moja tu. Nakuomba."

Yoo, Mungu wangu! Nilimutukana: "Mukasai, rudia kwenu!" Kwao Kasai wapi? Baba yake alizaliwa hapa hapa!

Akaniita mubeshi, mutu wa uongo. Nikakamata muguu wa chuma wa telesikopi, nikamupiga mu mabega. Akaanguka. Ningeacha hapo! Nikapiga tena, mu uso. Damu ikarukia ukuta. Muke wangu akakimbia kutoka jikoni: "Unaua ndugu yangu!" Nikamusukuma naye akaanguka.

Jicho la kuume halikupona. Muke wangu akamupeleka kwa wazazi wao Lubudi, na hakurudia.

Miezi ikapita. Bantu ba inchi ingine bakatangaza: kajiwe kale kana mwenzake mudogo. Saa zilezile za Kazadi! Njo nikafungua namba za ile nyota ya pembeni. Mustari wa mwangaza wake ulikuwa sawa, mwanzo mpaka mwisho. Nililia kama mutoto.

Nikaenda Lubudi kuomba pardon. Kazadi alisimama ku mulango.

"Uliangalia nyota?"

"Ndiyo."

"Ilishuka?"

"Hapana."

Akafunga mulango.

Weye unayesoma, mutu akikuomba uangalie, fungua mikono yako na uangalie! Mi, kuangalia ile nyota kulinikamata dakika mbili tu.