Kila Mahali Isipokuwa Chini ya Kifuniko

Shangazi yangu ni fundi wa injini, wateja wanamwita Sikio. Mimi ni fundi umeme hapo hapo gereji kwake, kwa hiyo usiniulize habari za pistoni, nitakudanganya vizuri tu. Yeye anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho kama mtu anayenasa umbea wa jirani ukutani. Halafu anasema: plagi. Au: beringi. Na huwa ni hiyo. Ukibisha, anakuangalia mpaka unajuta kuzaliwa.

Sasa mtu wa namna hiyo akishindwa kuujua mlio wa gari lake mwenyewe, jua kuna jambo.

Gari lenyewe ni pikapu nyeupe. Yaani ilikuwa nyeupe, siku hizi ina rangi ya meno ya mvuta sigara. Ndiyo inayobeba injini za wateja, na ikifa, gereji nayo inafunga virago. Mlio ulianza wiki ile tuliyomzika mumewe. Ti-ti-ti-ti, mwepesi, wa juu juu. Ukikanyaga mafuta unakimbia, ukiachia unatembea, ila haukomi. Marehemu naye alikuwa fundi, na kazi yake ya mwisho duniani ilikuwa hiyo pikapu. Alifungua kifuniko cha juu ya injini, akaseti tapeti, yaani nafasi za vile vyuma vinavyosukuma valvu, akafunga, akaingia ndani kujilaza. Hakuamka.

Mlio wa juu, baada ya tapeti kuguswa. Hata mimi wa nyaya najua pa kuanzia. Shangazi akaanzia chini.

Akabadilisha oili. Ti-ti-ti. Akabadilisha plagi. Ti-ti-ti. Akashika kipande cha bomba la mpira, mdomo mmoja sikioni, mwingine akauzungusha kwenye eksozi kutafuta pumzi inayovuja. "Gasketi hii," akasema, uso mkavu. Tukabadilisha gasketi, nikaungua kidole. Ti-ti-ti.

"Shangazi, gari lote tumelizunguka, imebaki redio."

"Redio ni kazi yako."

"Na kifuniko?"

"Kifuniko kina nini?"

"Hatujakifungua."

"Kilifungwa na mwenyewe."

Basi. Mjadala ukafungwa pamoja na nati zake.

Binamu yangu, binti yake Shangazi, alikuwa anausikia ule mlio akiwa jikoni. Akasema baba yake alikuwa anagonga kucha mezani hivyo hivyo akisubiri chai. Nikacheka. Nikagundua nacheka peke yangu. Tangu siku hiyo, niko chini ya dashibodi, nyaya mdomoni, pikapu ikiwashwa tu nywele zinanisimama. Nimeshawahi kutoa kichwa nje na kuitika, "Naam?" Hakuna aliyeniita.

Halafu mchana mmoja nikamkuta Shangazi ameinamia pikapu, mpini sikioni, macho amefumba, na injini imezimwa. Imezimwa, jamani! Ya baridi kabisa. Nikarudi kinyumenyume. Mimi, ninayetania watu hata msibani, nikaenda kupanga spana zilizokwishapangwa.

Jumamosi pikapu ikarudi inavuta mguu, imeshindwa mlima na injini ya mteja mgongoni. Ti-ti-ti imekuwa ta-ta-ta, chuma kwa chuma. Shangazi akazima, akabaki ameshika usukani.

"Kikivunjika kitu mle ndani, injini imekufa," akasema.

"Ndiyo."

"Na aliyefunga ni yeye."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nikikuta kakosea je?"

"Nani atajua? Tuko wawili."

"Mimi si nitajua, mpumbavu wewe."

Akashuka. Akasubiri injini ipoe, akachukua spana, na nati ya kwanza akailegeza taratibu kama anamvua mgonjwa soksi. Kifuniko kikatoka. Akapitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia, kwenye tapeti ya kwanza. Kikapita kwa kukwaruza kidogo, inavyotakiwa. Ya pili hivyo hivyo. Akaendelea mstari mzima, na kila moja ikiwa sawa ananong'ona, "Eeh, mume wangu." Hakuwa ananisemesha mimi.

Ya mwisho kabisa, nati ikazunguka kwa kidole. Haikuwa imebanwa, na nafasi yake imepanuka; mlio ulikuwa humo.

Akaishika hapo muda mrefu.

"Aliishiwa nguvu hapa," akasema. "Nilikuwa nimesimama hapo ulipo, nampa spana. Akasema nimemaliza, niletee kifuniko. Nikamletea."

 

Akaiseti ile moja, akaibana kwa mkono wake. Nikauliza kama nikague na nyingine, tusije tukarudia kazi.

"Nyingine usiguse."

Tukafunika. Nikawasha. Injini ikashika mara moja, ikatulia, laini kama inaongea chinichini na mtu wa ndani. Nilitaka kupiga vigelegele, nikamtazama Shangazi usoni, nikavimeza.

Binamu akatoka jikoni anakimbia, mikono inachuruzika maji.

"Mbona hamuwashi? Imekataa?"

Pikapu inanguruma taratibu mbele yake, bila ti-ti-ti.

"Imewaka," Shangazi akasema.

Binamu akaja mpaka ubavuni mwa gari, akaweka kiganja juu ya bati. Likatetemeka chini ya kiganja. Hakukitoa.